Kifuu cha Nyongeza

Mute, Jumamosi 2 Desemba 1967

Mlango wetu umepigwa chokaa, Kurwa, namba kumi na saba, na ikifika tarehe ishirini na nane mwezi huu Mute yote inahamishiwa ndani ya waya! Sipai, yule askari wa Wareno, alipita jana na ndoo yake na brashi, akasema atakayekutwa nje ya aldeamento, hicho kijiji chao cha waya, siku hiyo asimlaumu mtu. Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Sisi wazima. Na hata hiyo namba, mlango wetu ndio uliopendeza kuliko yote, kwa sababu marehemu babako aliuranda kwa mkono wake, chokaa imeshika. Kwa Cadija jirani imechuruzika mpaka kizingitini.

Tumbo la Graça limeshuka. Mamake, Benvinda, mkwe mwenzangu, kamkanda jana akasema mwezi huu hauishi. Mwambie kakako Husseni kwamba mkewe anakula vizuri, na miguu haijavimba, kwa kuwa namtunza mimi. Lakini waliotangulia kuingia kwenye waya kule ndani wametuletea habari: kisima kimoja watu mia tatu, na mkunga haruhusiwi kutoka jua likishazama. Mjukuu wangu wa kwanza hazaliwi kwenye waya. Nimekwisha kulisema hilo mbele ya Benvinda na mbele ya Mungu.

Baharini hakupitiki, boti za doria haziendi kulala. Ibraimo anapita kwa kuwa ana guia, cheti cha njia cha biashara, na pweza wake mkavu, lakini yeye ni mtu mmoja, si wanawake watatu na tumbo. Mitumbwi ya Ruvuma imetobolewa yote. Imebaki kuvuka kwa miguu, pale kwenye mchanga, kabla mto haujajaa. Njia anaijua Jerónimo, kaka yake Benvinda, yule mrefu mwenye maneno. Siku hatuijui. Siku unaijua wewe. Tupe siku, mwanangu.

Mkebe wako naupima kila asubuhi nikishaswali, kabla jua halijaugusa. Kijiti chako chenye alama nimekichomeka juu ya mlango, hakuna mkono wa mwingine unaokishika. Mvua za mwezi uliokwisha: Jumanne ya tarehe saba, alama saba. Jumatano ya kumi na tano, alama sita, ingawa haikumzuia mtu kwenda shamba. Jumapili ya ishirini na sita, alama nane. Sikukubania. Mtoto wangu ndiye pekee mwenye mkebe kusini yote ya mto, halafu apelekewe matone? Wakubwa zako wasije wakasema Mute hakunyeshi.

Mamako aliyekuzaa wewe na si mwingine,
Somoe binti Mwinyimadi


Mtwara, Jumanne 5 Desemba 1967

Mama, shikamoo.

Barua imefika inanuka pweza mpaka karani wa mlangoni akauliza kama nimeleta chakula cha mchana. Nimeisoma mara tatu. Husseni nimemsomea mara moja tu, maana alitaka kuondoka saa ile ile. Nimemkalisha.

Sikiliza jinsi nitakavyoipata siku, ili ujue kwa nini nakuomba ninayokuomba. Kila asubuhi saa tatu ofisi yetu ya maji inaongea kwa simu ya upepo na vituo kumi na sita vya milimani, Songea na Umatengo. Wananitajia mvua iliyonyesha, naandika. Mvua ya kule juu maji yake hupita pale mchangani baada ya siku nane. Hesabu yenyewe si ngumu: mvua iliyoshuka, toa iliyonywewa na ardhi, toa iliyochukuliwa na jua, inayobaki ndiyo inayoshuka mtoni. Ugumu ni kujua ardhi inakunywa kiasi gani. Hilo huambiwi na mtu. Unalinganisha mvua na mto, mpaka mto wenyewe ukuoneshe.

Milimani tunajua. Upande wenu, ramani ya ofisi ni nyeupe. Tangu vita vianze hakuna kituo hata kimoja. Pana nukta moja ya penseli niliyoiweka mimi, ndiyo mkebe wako. Kila alama unayoniandikia naitandaza juu ya nchi yote ile nyeupe, mpaka chini ya uwanda wa juu wa akina Benvinda. Maji yake hufika mchangani kwa siku sita.

Nimelinganisha mvua zako tatu za Novemba na mti wa kupimia maji ulioko ukingo wetu. Mto haukuzisikia kabisa. Saba, sita, nane, na mti haukupanda hata kidole. Mhandisi wetu alikuna kichwa, akasema basi kusini ni mchanga mtupu. Kwa hiyo nimeandika hivi: ardhi ya Mute inakunywa alama nane nzima kabla haijaachia tone.

Maji yakiwa chini ya kiuno mtavuka. Yakipita kiuno, Graça hawezi. Husseni atakuwa ng'ambo na kamba.

Naomba mawili. La kwanza, pima vile vile unavyopima. Usihamishe mkebe, usibadili saa, usibadili chochote. La pili, funga mdomo. Nakujua, mama.

Mwanao,
Kurwa


Mute, Ijumaa 15 Desemba 1967, mwezi kumi na mbili Ramadhani

Amekuja kuuliza habari za mkebe! Sipai, jana adhuhuri, kasimama uani na kiatu chake juu ya mkeka wangu. «Somoe, hiki kimkebe kwenye kijiti ni cha nini?» Nikamwambia ni cha njiwa kunywea. Akatazama juu, akatazama chini. «Mbona sioni njiwa?» Nikamwambia, «Wamekuona wewe, wamekimbia.» Jerónimo alikuwa anasuka tenga pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Sipai naye akacheka, akaenda zake. Lakini magharibi nilifuturu tende moja tu, macho mlangoni.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nimewaambia watu wawili tu. Cadija, ambaye ni kama mimi mwenyewe, na Jerónimo, ambaye ilibidi. Tena sikutaja kuvuka. Kwa Cadija nilisema tu kwamba binti yangu anaongea na milima kumi na sita kila asubuhi na inamjibu. Kwa Jerónimo nilisema hujakosea hesabu tangu uanze kutamka. Sasa huo ni uongo? Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unatuhesabia embe, ukiona moja limepungua unamjua aliyelila.

Jerónimo ananitania kila asubuhi. «Mama Kurwa, mkebe umelewa leo?» Namwambia cheka, utavuka kwa mkebe huo huo.

Nakwambia na hili. Mwalimu wa msikiti katufasiria usiku mwezi ulipoandama habari ya vipimo, na wanaopunja, na siku watakayosimamishwa. Nikarudi nyumbani nikayakalia yale maneno usiku kucha. Mimi sijampunja mtu maisha yangu, Mute nzima inajua, lakini mfungo ni mfungo. Tangu mwezi uandame napima kwa haki iliyonyooka kabisa, jicho usawa wa alama, bismillahi.

Mvua: Alhamisi ya jana asubuhi, alama tisa. Leo asubuhi, alama nane. Kuku hawakutoka, na kisima cha msikitini kimefika midomoni.

Benvinda amefunga mizigo. Sufuria mbili, nguo za mtoto, na picha yake ya Bikira ameifunga ndani ya kanga yangu, ile nzuri. Nimemwachia.

Mamako,
Somoe


Mtwara, Jumapili 17 Desemba 1967

Mama, shikamoo.

Tumepata. Alhamisi hii, tarehe ishirini na moja, alfajiri.

Milimani ni pakavu kuanzia tarehe kumi mpaka leo, vituo vyote kumi na sita, nimewarudishia swali mpaka wa Songea akaniuliza kama ninaumwa. Kwa hiyo Alhamisi hakuna maji ya mbali. Kutoka kwenu kuna mvua mbili ndogo, tisa na nane, karibu sawa na zile za Novemba. Ardhi itazinywa, ibaki alama moja. Nimefanya hesabu mara tano. Maji yatakuwa gotini, pengine pajani pale katikati.

Mlale safarini Jumanne na Jumatano, Jerónimo anajua vichaka vya kupumzikia. Graça asibebe kitu. Husseni ameondoka leo na kamba mbili, atawasubiri mchangani.

Hilo la sipai limenikosesha usingizi. Uzike mkebe ukishasoma barua hii, na barua uichome.

Alhamisi, mama. Sina zaidi.

Kurwa


Mute, Jumanne 19 Desemba 1967

Hatuji Alhamisi, na kosa ni langu, na Jerónimo ameshaondoka.

Nakuandikia Ibraimo amesimama mlangoni, ananiambia upepo, upepo. Nitafupisha, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Barua yako imefika saa nne. Sikuisoma peke yangu, nilitaka wasikie. Nikawaita Benvinda na Graça na Jerónimo chumba cha ndani, nikawasomea kwa sauti kama khutuba: tumepata, Alhamisi, maji gotini. Jerónimo hakungoja hata nimalize. Akasema, «Mtoto wa Mama Kurwa hakosei, si ndivyo? Basi mimi natangulia na mizigo, niivushe, nirudi kuwapokea ninyi na tumbo lenu.» Akatwika sufuria na nguo za mtoto, huyo. Mtu mwenye miguu mirefu vile.

Baadaye ndipo nikarudia kusoma mwenyewe taratibu. Mvua mbili ndogo. Ndogo? Kurwa, kuku sita wa Cadija wamekufa maji ndani ya tundu! Mihogo ya bondeni imelala! Nikamwuliza Benvinda, mbona mtoto anaziita ndogo? Akasema, «Somoe, kile kifuu unachomiminia mkebeni kabla hujapima, alikuagiza yeye?»

Mwanangu. Kile kifuu cha nyongeza ninachouzia mchele. Unakijua, kidogo, kimesuguliwa. Nani Mute amepimiwa na mimi kibaba cha kufuta, asiongezewe kifuu juu yake? Bibi yako alinifundisha hivyo, mtu hapewi kipimo kitupu kama amekopeshwa. Nilipoanza kukupimia mvua nikaona vijialama viwili, kimoja, aibu. Mtoto anasimama mbele ya wazungu na wahandisi na mvua ya mamake haifiki kidole! Nikawa namimina kifuu kimoja cha maji, ndipo napima. Kila mvua. Novemba yote. Nikaona ni heshima, haimdhuru mtu. Ramadhani ilipoingia, na maneno ya mwalimu, nikaacha. Sikukwambia kwa sababu niliona haya kusema kuacha bila kusema kuanza.

Nimekichukua kifuu sasa hivi, nimekimimina kwenye mkebe mtupu, nimepima mara tatu mbele ya Benvinda. Alama tano. Kila mara tano. Nyongeza yangu haijawahi kuzidi wala kupungua, uliza soko zima. Kwa hiyo toa tano, tano, tano kwenye zile za Novemba. Za mwezi huu usitoe kitu, ndivyo zilivyo.

Hesabu yako siiwezi, lakini hii naiona hata mimi. Ardhi hainywi nane. Hayo maji yanakuja.

Jibu lako halinifikii kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo nimeamua mwenyewe: Graça hatoki hapa. Nimemtuma mtoto wa Cadija amkimbilie Jerónimo, amerudi hajamwona. Benvinda amekaa kizingitini, hanisemeshi. Ni bora angenitukana.

Tafuta siku nyingine, Kurwa. Kumebaki siku tisa.

Somoe


Mtwara, Alhamisi 21 Desemba 1967, saa saba mchana

Mama,

Sijui kama unaisoma barua hii au namwandikia mtu asiyekuwepo. Ibraimo amenikabidhi yako saa nne asubuhi. Alfajiri ilikuwa imekwisha pita. Hesabu niliitengeneza nimesimama, machozi yanaangukia karatasi, mhandisi akachukua penseli yake bila kuuliza akakaa upande wa pili wa meza.

Mbili, moja, tatu. Hizo ndizo mvua zako za Novemba. Ardhi yenu inakunywa tatu, si nane. Kwa hiyo tisa na nane hazikuacha alama moja. Zimeacha kumi na moja. Kijifuu chako kimoja, nikikitandaza juu ya nchi yote nyeupe, ni ziwa, mama. Leo pale mchangani maji ni kimo cha mtu na zaidi.

Kama ulikaa na Graça kama ulivyoandika, umewaokoa. Kuhusu Jerónimo sina habari. Husseni bado yuko mtoni.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekwambia usibadili chochote na sikukuuliza unapimaje. Nilipoona mto haukusikia mvua, nilikubali haraka kwamba ardhi ni ya ajabu. Sikuwaza mkono.

Sasa sikiliza, hii ndiyo siku ya mwisho tuliyo nayo. Maji ya kwenu yatashuka polepole, yawe chini ya kiuno kuanzia Jumatatu jioni, kama hainyeshi tena. Lakini jana milimani imenyesha, vituo kumi na vinne kwa mpigo, Umatengo kupita kwingine kote. Hayo yanafika mchangani Alhamisi tarehe ishirini na nane, pengine mapema kidogo. Jumatano ishirini na saba alfajiri mto uko wazi. Jumanne nahofia maji yenu, Alhamisi nina hakika na ya milimani, tena ndiyo siku yao ya waya. Jumatano peke yake.

Ikinyesha Mute kabla ya hapo zaidi ya alama tatu, msitoke. Tatu za haki. Pima mwenyewe, amua mwenyewe, kama ulivyoamua Jumanne.

Mwombe Benvinda radhi kwa ajili yangu.

Kurwa


Kitaya, ng'ambo ya kaskazini, Jumamosi 30 Desemba 1967

Mwanamume! Amezaliwa juzi Alhamisi adhuhuri, chini ya turubai la wakimbizi, anapiga kelele kuliko askari! Siku ile ile waliyokuwa wanafunga waya Mute, yeye anafungua kinywa huku. Kichwa cha babake, vidole vya kwetu. Mkunga wa hapa anasema hajaona mtoto mrefu namna hii mwaka wote, na mimi sikumwambia neno, kasema mwenyewe.

Tulivuka Jumatano kama ulivyoandika. Mkebe nilikuwa nimeuzika ulivyosema, nikaufukua Jumamosi ile barua yako ilipofika, nikapima asubuhi mbili: moja, hakuna. Asubuhi zote mbili Benvinda alikuja kuangalia kijiti na yeye, anarudi ndani. Jumatatu usiku tukatoka, Benvinda mbele, akifuata njia aliyowahi kuoneshwa na kakake. Mlango nimeufunga na namba yao juu yake. Pale katikati maji yalinifika hapa juu ya paja, Graça tumbo lake tukalibeba mimi na mamake kwa kanga iliyotandazwa, na Husseni na kamba yake akatuvuta kama samaki. Tulipofika mchanga wa upande huu nikageuka kuutazama mto ule. Kurwa, ulikuwa umetulia. Jana nimeutazama tena, una rangi ya udongo, unabeba miti mizima.

Sasa niandike lile ambalo wewe hujaambiwa, kwa kuwa nilimwambia Husseni aniachie mimi.

Jerónimo aliingia majini ile Alhamisi ya tarehe ishirini na moja. Husseni alimwona kutoka huku, kulikuwa kunapambazuka. Alimpigia kelele arudi, alimpungia kanzu. Jerónimo akamwinulia mkono, kama mtu anayesema nimekusikia, naja. Pengine aliona ng'ambo pana mtu, akadhani anaitwa. Alikuwa na sufuria kichwani. Yalimfika kifuani, akaendelea. Husseni alikwenda na ukingo siku mbili. Akaupata mzigo wa nguo za mtoto kwenye ulimi wa mchanga, umefungwa vile vile. Mwenyewe hajaonekana.

Nilimwambia mtu yule kwamba mwanangu hakosei. Nilimwambia kila siku, na yeye akanicheka kila siku, na siku ya mwisho akaniamini. Nimezoea kusema, unanijua. Hili sina la kuliongezea.

Benvinda hakunisemesha njia nzima. Jana akaniletea mchele wa wakimbizi, uliobaki chini ya gunia, akasema tupime wa shughuli. Nikachukua kibaba, nikafuta juu kwa kiganja, nikamimina. Nikafuta, nikamimina. Cha tatu mkono ukasimama. Kifuu nilikuja nacho, sijui kwa nini nilikuja nacho, kilikuwa kwenye fundo la kanga. Benvinda akalifungua fundo, akakitoa, akachota mchele akauweka juu ya kibaba changu mpaka ukamwagika pembeni. Akasema, «Mchele ni mchele, Somoe. Huu ongeza.» Tukalia hapo mpaka Graça akauliza kuna nini.

Mtoto ataitwa Jerónimo. Mwalimu wa msikiti wa hapa akakunja uso, akasema jina hilo si la kwetu. Nikamwambia maji aliyoyaingia mwenye jina hayakumwuliza dini. Akasema atakuja kumsomea, na Benvinda atawaleta wenzake wa kanisani nao wamwombee kakake kwa namna yao, mahali hapo hapo.

Mkebe nimeuleta. Uko kwenye kijiti nje ya turubai, na jana umepata alama mbili. Mbili, mwanangu.

Idd mle huko mliko, msinisubiri. Mwombe ruhusa huyo mhandisi wako, na yeye mwenyewe mlete, nimuone aliyekaa upande wa pili wa meza. Ibraimo atakuwepo, Cadija yupo hapa, amevuka na sisi, hilo nilisahau kusema. Siku ya saba ya mtoto ni Jumatano ijayo, tarehe tatu Januari, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nawataka nyote hapa.

Mamako,
Somoe binti Mwinyimadi